Nyekundu Hii ni Kazi ya Nani?

Shemeji yangu ana duka la dawa muhimu Morogoro, rafu sita na kaunta moja, na mimi ndiye niliyemtengenezea karatasi ya Excel ya kufuatilia mzigo. Kila dawa ilipata mstari wake: jina, idadi iliyobaki, tarehe ya kwisha muda, bei ya kununulia, bei ya kuuzia. Kisha nikaanza kupaka. Idadi ikishuka chini ya 10, seli iwe nyekundu. Kati ya 10 na 30, rangi ya machungwa. Ikizidi hapo, kijani. Yenye faida nzuri zambarau, isiyotoka buluu, inayokaribia kwisha muda njano. Dada anayeuza dukani alipoifungua alicheka, akasema inapendeza kama kanga.

Nilirudi mwezi wa tatu. Mama mmoja alikuwa amesimama kaunta na mtoto mwenye macho mekundu, na mafuta ya macho hayakuwepo. Nikafungua karatasi: seli ya mafuta ya macho ilikuwa nyekundu tangu wiki tatu nyuma. Nikamuuliza dada kulikoni. Akanijibu bila kusita, "Kaka, nyekundu ziko arobaini. Nianze na ipi?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kuwa nalo siku ile, na nimeiandika kwa mweka hazina wa kikoba, mwenye duka, karani wa ghala, mwalimu anayejaza alama, na pia kijana anayeandika programu za simu, kwa sababu kosa letu sote ni moja.

Jambo lenyewe nitaliita rangi za masharti. Unaiambia kompyuta: thamani ikiwa hivi, ionyeshe hivi. Thamani yenyewe haiguswi, kinachobadilika ni vazi lake tu. Betri ya simu inayogeuka nyekundu ikikaribia kuzima ni mfano wake. Katika Excel utalikuta kwenye menyu ya Home, na Google Sheets na LibreOffice zinalo vilevile. Kuanzia toleo la 97 hadi la 2003, Excel iliruhusu masharti matatu tu kwa seli moja. Toleo la 2007 likaondoa kikomo hicho, likaongeza mizani za rangi, vijibao vya urefu na vialama vya mishale na taa. Watu wengi walishangilia. Mimi siku hizi naona kile kikomo cha matatu kilikuwa kinatusaidia kuliko tulivyojua.

Tuangalie kwanza kifaa kisicho na umeme ambacho wahudumu wa afya wa jamii hutembea nacho mfukoni: utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Unazungushwa katikati ya mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, na kidirisha chake huonyesha rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, 11.5 hadi kabla ya 12.5 ni njano, 12.5 na kuendelea ni kijani. Rangi ni tatu na kila moja imebeba agizo. Nyekundu: mtoto huyu apelekwe akatibiwe utapiamlo mkali. Njano: yuko hatarini, apewe huduma na afuatiliwe. Kijani: mama aendelee na anachofanya. Mhudumu hahitaji kuuliza aanze na nani. Waliotengeneza utepe waliamua kwanza nini kifanyike, ndipo wakachagua rangi. Mimi nilichagua rangi kwanza, na jambo la kufanya nikamwachia dada.

Kwa hiyo kabla ya kugusa menyu yoyote, chukua kalamu uandike sentensi moja kwa kila rangi unayoitaka: "Seli hii ikiwa nyekundu, fulani atafanya hivi, kabla ya siku fulani." Ukishindwa kumtaja fulani, au ukishindwa kusema atafanya nini, futa rangi hiyo. Nilipojaribu zoezi hili na karatasi ya shemeji, zambarau ilikufa papo hapo. Dawa ina faida nzuri, sawa, kisha? Kijani nayo ikafuata. Kijani ilikuwa inamwambia dada asifanye kitu, na namna rahisi ya kumwambia mtu asifanye kitu ni kumwachia seli nyeupe. Utepe unaihitaji kijani kwa sababu mama amesimama pale anasubiri kuambiwa. Dawa iliyojaa rafuni haisubiri kuambiwa chochote.

Sasa mpaka wenyewe, ile namba inayotenganisha nyeupe na nyekundu. Hapa ndipo nilipomkosea dada zaidi. Namba 10 niliitoa wapi? Hewani. Ni namba ya mviringo, inakaa vizuri mdomoni. Lakini mafuta ya macho pale dukani hutoka tyubu moja kila siku mbili. Zikibaki tyubu 9, seli inakuwa nyekundu, na hali duka lina mafuta ya siku 18. Dada aliiona nyekundu ile, akajua kwa uzoefu wake kwamba haina haraka, akaizoea. Ilipofika siku ya kuwa na haraka kweli, rangi ilikuwa ileile ya jana na juzi. Parasitamol, kwa upande wake, hutoka pakiti 15 kwa siku. Zikibaki 31 seli inang'aa kijani, na keshokutwa jioni hakuna parasitamol.

Mpaka wa kweli unatokana na maisha ya dawa yenyewe. Mzigo kutoka kwa muuzaji wa jumla hufika baada ya siku 4. Tukaongeza siku 2 za akiba, maana barabara ina mambo yake. Jumla siku 6. Parasitamol, 15 mara 6, mpaka ni 90. Mafuta ya macho, nusu mara 6, mpaka ni 3. Kila dawa ikapata mpaka wake kwenye safu yake, na kanuni ikawa moja tu kwa karatasi nzima: idadi ikiwa sawa na mpaka au chini yake, agiza. Kwa kanuni hii, nyekundu arobaini za dada zilishuka hadi tano. Hatukununua hata pakiti moja ya ziada.

Mara nyingine mpaka hauko mikononi mwako, umeshawekwa na wenye mamlaka, na kazi yako ni kuufuata. Anayeshika vitabu vya SACCO nchini Kenya hana haja ya kubuni ni siku ngapi za kuchelewa ziwe nyekundu. Kanuni za mwaka 2010 zinazosimamiwa na SASRA, mamlaka ya SACCO huko, zimeshaigawa mikopo iliyochelewa: siku 1 hadi 30, 31 hadi 180, 181 hadi 360, na zaidi ya 360, kila fungu na asilimia yake ya fedha za kutenga, 5, 25, 50 na 100. Rangi zifuate mafungu hayo. Ukipaka nyekundu kuanzia siku ya 45 kwa sababu unaona 45 ni nyingi, skrini yako itasema jambo moja na ripoti ya mkaguzi itasema lingine.

Na mipaka huhama. Ule utepe wa mkono haukuwa hivi siku zote. Mpaka wa nyekundu ulikuwa sentimita 11.0 hadi mwaka 2009, ambapo WHO na UNICEF walitoa tamko la pamoja la kuupandisha hadi 11.5. Tepe zilizokwisha kuchapwa hazikuweza kujirekebisha. Wewe unaweza, ili mradi hukuizika namba ndani ya kanuni. Ziandike siku za mzigo na siku za akiba kwenye seli mbili zinazoonekana, juu ya karatasi, kwa maneno ya kawaida pembeni. Mvua zikiharibu barabara na mzigo ukaanza kufika kwa siku 7, shemeji anabadilisha 4 kuwa 7 na karatasi nzima inajipaka upya. Namba iliyofichwa ndani ya kanuni anaijua aliyeiweka, naye kwa kawaida yuko safarini.

Hadi hapa hatujazungumzia kompyuta sana. Sasa tuzungumze, maana kuna mitego inayoumiza hata waliopanga vizuri.

Mtego wa kwanza ni seli tupu. Excel huihesabu seli tupu kama sifuri, na sifuri iko chini ya kila mpaka. Mistari ambayo hujaijaza itawaka nyekundu yote. Hili halina madhara makubwa kwa sababu linaonekana. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Dada akiandika "pakiti 8" badala ya 8, kompyuta inaona maneno, haioni namba, na kwa Excel maneno yoyote ni makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo "pakiti 8" haiko chini ya 90, seli inabaki nyeupe na dawa inakwisha kimyakimya. Hivyohivyo kwa wale wanaoandika "5,000/=" kwenye karatasi ya michango: kanuni ya kutafuta waliozidisha laki moja itamkamata mwenye elfu tano. Dalili ni rahisi kuiona ukiijua. Namba za kweli, zisipopangwa vinginevyo, hujisogeza kulia kwa seli, maneno hukaa kushoto.

Tarehe ni mtego mbaya kuliko yote, na kwa dawa ni hatari. Kompyuta nyingi tunazonunua zimepangwa Kimarekani, mwezi kwanza. Ukiandika 13/05 na mwaka, haioni mwezi wa 13, inaifanya maneno. Ukiandika 05/06 ukikusudia tarehe 5 Juni, inaipokea vizuri kabisa kama tarehe 6 Mei, wala hailalamiki. Rekebisha mipangilio ya kompyuta kabla ya kujaza mstari wa kwanza. Jambo lingine: maboksi mengi ya dawa huandikwa mwezi na mwaka tu. 08/2026 maana yake dawa ni nzima hadi siku ya mwisho ya Agosti, lakini Excel ukiiandikia hivyo inaweka tarehe 1 Agosti. Rangi yako itaitangaza dawa imekufa mwezi mzima kabla ya wakati. Fomula ya EOMONTH inaipeleka tarehe mwisho wa mwezi wake.

Nilipoyaona haya yote nikaacha kupaka namba moja kwa moja. Huu ndio ushauri ambao, kama utasahau mengine, ningependa ubaki nao mezani: tengeneza safu ya hali, iwe na neno, kisha rangi ifuate neno. Kwenye karatasi ya shemeji, idadi iko safu C, mpaka D, tarehe E, na safu F ina fomula hii:

=IF(COUNT(C2,E2)<2,"KAGUA",IF(EOMONTH(E2,0)<TODAY(),"ONDOA",IF(C2<=D2,"AGIZA","")))

Isome polepole. COUNT huhesabu namba tu, na tarehe halali ni namba. Kama idadi au tarehe ni tupu au ni maneno, hesabu haifiki 2, basi neno ni KAGUA: hatujui, nenda rafuni ukaangalie. Kisha inatazama muda. Dawa iliyokwisha muda ni ONDOA hata kama imebaki moja, kwa sababu kumzuia mgonjwa asipewe kunatangulia kuagiza nyingine. Mwisho AGIZA. Mpangilio huu wa nani atangulie umeandikwa mahali pamoja, unasomeka, na mtu mwingine anaweza kuubishia. Ungekuwa umetawanyika kwenye kanuni za rangi, Excel ingempa ushindi aliye juu ya orodha, na kanuni mpya hujiweka juu bila kukuuliza.

Faida nyingine ya neno ni kwamba linahesabika. Fomula za kawaida za Excel haziwezi kukuambia seli ngapi zina rangi ya masharti, lakini COUNTIF itakuambia AGIZA ziko ngapi. Unaweza kuchuja, kupanga, kunakili AGIZA zote na kumtumia muuzaji wa jumla kwa WhatsApp. Na ukichapa karatasi kwenye printa isiyo na wino wa rangi, nyekundu na kijani zote hutoka kijivu, ila AGIZA hubaki AGIZA.

Sasa ndipo unafungua rangi za masharti. Chagua mistari yote kuanzia wa 2, chagua kanuni ya fomula, uandike =$F2="AGIZA". Alama ya dola mbele ya F inaishikilia safu isihame, na 2 isiyo na dola inashuka mstari kwa mstari. Ukisahau dola, rangi itaruka pembeni na utadhani kompyuta ina wazimu. Ukiweka dola kwenye 2 pia, karatasi yote itafuata mstari mmoja. Asilimia kubwa ya simu ninazopigiwa usiku ni dola hiyo.

Baadaye, mara moja kwa mwezi, fungua orodha ya kanuni uikague. Watu wakinakili na kubandika mistari, Excel huzikata kanuni vipandevipande. Nimewahi kukuta karatasi ya kikundi kimoja ina kanuni 60 ambazo zilikuwa 2 tu zilipozaliwa. Wafundishe wanaojaza kubandika thamani peke yake.

Mizani za rangi, zile zinazopaka safu nzima kutoka nyekundu kupitia njano hadi kijani, sizipendi kwa kazi ya aina hii, na nitasema kwa nini. Zisipopangwa vinginevyo, hupima kila namba kwa kulinganisha na wenzake. Mwenye namba mbaya kuliko wote atakuwa nyekundu hata kama wote ni wazuri. Kwenye kikoba ambacho hakuna aliyechelewa zaidi ya siku 2, yule wa siku 2 atawaka nyekundu mbele ya wenzake mkutanoni, aibu ya bure. Na kwenye kikoba ambacho karibu kila mtu amechelewa miezi sita, wa miezi mitano atapata kijani. Zinafaa kwa kuangalia sura ya jumla, mvua za mwaka mzima kwa mfano, zisitumike kuhukumu watu.

Kuhusu rangi zenyewe nitakuwa mfupi. Wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kwa Wazungu hutajwa karibu mwanamume 1 kati ya 12, kwa Waafrika waliopimwa kiwango ni cha chini, lakini kikundi cha watu thelathini hakikosi kukupa wasiwasi, na wengi wao hawajawahi kumwambia mtu. Maandishi ya njano juu ya nyeupe hayasomeki na yeyote, hasa kwenye simu juani. Kipimo kinachotumika kwenye wavuti hudai tofauti ya mwanga ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na kinachoyabeba. Nyekundu kali kabisa juu ya nyeupe haifikii, inaishia 4. Mandhari mepesi ya waridi na maandishi ya nyekundu iliyokolea yanafika vizuri. Maana ya rangi nayo si moja duniani: kwenye masoko ya hisa ya China nyekundu ni bei kupanda. Na usidhani umbali ndio unaobadilisha maana. Niliwahi kuonyesha jedwali la mauzo ofisini Dar es Salaam, nyekundu waliofanya vibaya, kijani na njano waliofanya vizuri. Nusu ya chumba, watu wa Simba, timu ya jezi nyekundu, walikataa kulisoma hadi nibadilishe. Walikuwa wanatania. Kiasi.

Kifaa kinachonifundisha zaidi kuhusu rangi hakina rangi nyingi. Ni ile alama iliyo kwenye vichupa vya chanjo, iliyoanza kutumika mwaka 1996 kwa chanjo ya polio ya matone. Kuna duara, na ndani yake mraba wenye rangi nyepesi zaidi. Joto likizidi kuipata chanjo, mraba hukoza. Ukilingana na duara au ukiwa mweusi kulishinda, chanjo isitumike. Muuguzi hakariri rangi yoyote, kwa sababu duara la kulinganishia liko palepale, limeuzunguka mraba. Nimeiga wazo hilo: idadi na mpaka vinakaa safu zinazopakana, dada anaona 3 karibu na 3 na anaelewa kwa nini neno limejitokeza.

Kwa wanaoandika programu, maneno machache. Usiandike sharti la rangi ndani ya kila ukurasa. Kazi moja ndani ya msimbo ipokee thamani na mipaka, irudishe jina la hali. Ukurasa upewe jina hilo, mathalani data-hali="agiza", na CSS ilivalishe kwa [data-hali="agiza"]. Siku ya kuweka mandhari ya giza unabadilisha CSS peke yake. Siku mpaka unapohama unabadilisha mpaka peke yake. Neno nalo lionekane kwenye skrini, kwa sababu programu zinazowasomea wasioona hazitamki rangi. Na usimpe mtumiaji nyekundu isiyobonyezeka: ikiwa inasema agiza, kitufe cha kuagiza kiwe hapohapo.

Karatasi ya shemeji sasa ina rangi tatu: nyekundu ya ONDOA, machungwa ya AGIZA, kijivu cha KAGUA. Zinazokaribia kwisha muda hazina rangi. Dada huzipanga kwa tarehe kila tarehe mosi na kuzisogeza mbele ya rafu, kazi ya dakika kumi.

Wiki chache baada ya kuanza kuitumia alinipigia simu. Karatasi imeharibika, alisema, haina rangi hata moja. Nikamwambia anisomee idadi za dawa kadhaa. Zote zilikuwa juu ya mpaka, hakuna kilichoharibika. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu karatasi nyeupe ya duka lililojaa na karatasi nyeupe ambayo hakuna aliyeigusa tangu Jumatatu zinafanana. Jioni ile niliongeza seli mbili juu kabisa. Moja inasema "Za kuagiza leo", na ilikuwa inaonyesha 0. Nyingine inasema "Imejazwa mara ya mwisho", na ndiyo seli pekee ambayo dada huandika tarehe kwa mkono wake kila anapofunga duka. Ikipita siku moja bila kuguswa, inakuwa kijivu.